Drafti, Chupa na Kamera: Hukumu ya Hadhira ya Ukambani

Inapotajwa hadhira katika uhakiki wa fasihi ya Afrika Mashariki, aghalabu hutajwa kama kitu cha kufikirika tu: wasomaji wasio na kwao, wasio na shamba, wasiochomwa na jua. Nadharia huwahitaji ili ikamilike, kisha huwaacha palepale. Lakini hadhira huwa na mahali pake, na mahali hapo huingia ndani ya hukumu inayotolewa. Hadhira inayoshughulikiwa hapa ni ya Kitui na Makueni, nchi kavu ya mashariki ya Kenya, ambako mkulima hutegemea zaidi mvua za vuli, za Oktoba hadi Desemba, kuliko zile za masika, na ambako mtu husoma kitabu, hutazama filamu na kukaa kwenye ubao wa drafti kwa kufuata kalenda hiyohiyo ya mawingu. Vitabu ambavyo wizara imewahi kuwatahinia wanafunzi wa huko kwa Kiswahili, kama *Utengano* wa Said Ahmed Mohamed (1980) au *Siku Njema* ya Ken Walibora (1996), huanzia Unguja na Tanga. Hilo si kosa la waandishi hao, na wala riwaya hizo hazikosi ladha Wote au Mwingi. Ila mwanafunzi huyo amezoea kuisoma bahari asiyoijua kwa bidii, na kuachiwa mto wake wa mchanga, unaopitisha maji juma moja kwa mwaka, kama kitu kisichostahili sentensi.

Si kweli kwamba hadhira hiyo haina vigezo. Kabla ya vitabu na kabla ya sinema, Wakamba walikuwa na utanzu mmoja mfupi kupita tanzu zote, ambao ni nadra kuuona katika silabasi: jina la njaa. Kila ukame mkubwa, *yua*, ulipewa jina lake, na jina hilo likawa kumbukumbu, tarehe na uhakiki kwa pamoja. Njaa ya 1897 hadi 1899 iliitwa Ngomanisye, iliyofika kila mahali. Ile ya 1961 iliitwa *Yua ya Ndeke*, njaa ya ndege, kwa kuwa chakula kilidondoshwa kutoka angani. Na ile ya miaka ya mwanzo ya 1980 ikaitwa *Nikw'a Ngwete*: ninakufa nikiwa nimeshika. Mkononi mna fedha, dukani hamna unga.

Jina hili la mwisho linastahili kutazamwa kwa utulivu kama linavyotazamwa shairi. Lina msemaji, na msemaji huyo yu katika kufa; lina kitendo, nacho ni kushika; lina kejeli, kwa kuwa kinachoshikwa hakitajwi kabisa na msikilizaji ndiye anayepaswa kukijaza. Lina hata itikadi, kwa maana linaeleza kwa maneno mawili kile ambacho wachumi hukieleza kwa sura nzima, yaani kwamba njaa inaweza kumuua mtu mwenye uwezo wa kununua. Aliyelitunga hajulikani, na hakuna aliyemlipa. Jamii iliyoweza kulichagua jina hilo miongoni mwa majina mengine yaliyowezekana ilikuwa imeshafanya kazi ya uhakiki, na kwa kigezo kikali: maneno machache, hakuna kujihurumia, na nafasi ya kutosha kwa msikilizaji kuingia. Kigezo hicho ndicho kitakachotumika hapa kupima vitabu kadhaa, filamu kadhaa na mchezo mmoja au miwili ya mezani. Huenda wengine wakakiona kuwa chembamba mno. Kina angalau sifa ya kutoazimwa.

Mwandishi wa kwanza wa kupimwa hawezi kuwa mwingine ila David Maillu, aliyezaliwa Kilungu mwaka 1939. Maandishi ya zamani humwita mtu wa Machakos, kwa sababu Makueni haikuwa wilaya ya peke yake hadi 1992. Leo Kilungu imo katika Kaunti ya Makueni, na mwandishi amehamishwa wilaya bila ya kuhama. Maillu alianza na Kikamba, kwa *Ki Kyambonie* ya 1972, kitabu cha mithali. Kisha akaanzisha shirika lake mwenyewe la uchapishaji, Comb Books, na katika muda wa miaka mitatu akatoa *Unfit for Human Consumption* na *My Dear Bottle* (1973) na *After 4.30* (1974), vitabu vidogo vilivyosomwa ndani ya matatu na ofisini chini ya meza, na vilivyowakera watu wa aina mbili ambao hawakukubaliana katika jambo jingine lolote: wachungaji na maprofesa. Tanzania ilivipiga marufuku katika miaka hiyo ya 1970. Chris Wanjala, katika *The Season of Harvest* (1978), hakuwa na huruma na fasihi ya namna hiyo. Baadaye Bernth Lindfors aliitetea, lakini kwa utetezi wa mtu anayeokota kitu cha ajabu na kukionyesha wageni.

Mjadala huo wa zamani ulikwama katika swali la maadili, na pande zote mbili zilishindwa kuona jambo lililo wazi kwa msomaji yeyote wa Kibwezi: kwamba *My Dear Bottle* na *After 4.30* ni mashairi ya majibizano. Mlevi anaizungumzia chupa, na chupa haijibu. Kwa hiyo msomaji hulazimika kujibu kwa niaba yake. Mwanamke wa ofisini anawasemea wanaume waliomtumia baada ya saa kumi na nusu, na kila mstari unasubiri mtu upande wa pili aseme, "Hapana, hukuambiwa hivyo." Mistari ni mifupi, haina vina, haina mizani inayoweza kupigiwa kidole, na mhakiki aliyelelewa katika urari wa vina vya kati na vya mwisho ataona hapa uvivu. Uvivu haupo. Kilichopo ni pumzi ya mtu anayesema mbele ya watu wanaomkatiza. Usomaji wa kimya humwonea Maillu. Vitabu vyake vya mwanzo huhitaji kusomwa kwa sauti katika chumba chenye watu wasiopungua wanne, mmoja wao akiwa amekasirika.

Haifai, hata hivyo, kumsafisha kupita kiasi. Katika vitabu hivyo wanawake husema sana na huamua kidogo. Mwandishi huwapa sauti halafu hujificha nyuma ya sauti hiyo ili atazame. Na alipoingia katika mfululizo wa Pacesetters wa Macmillan, kwa Benni Kamba 009 wa *The Equatorial Assignment* (1980), alichukua jasusi wa Uingereza akambadilisha jina na rangi, akamwachia mengine yote. Jina la Kamba limebandikwa hapo kama bandiko la njiani. *For Mbatha and Rabeka*, ya mwaka uleule, ni afadhali mara nyingi: mapenzi ya walimu wa kijijini yanayovutwa na Nairobi ni jambo ambalo nusu ya nyumba za Makueni zina toleo lake, na Maillu analisimulia bila kumcheka mwalimu anayebaki.

Kisha likaja *The Broken Drum* (1991), lenye zaidi ya kurasa 1,100, kazi ambayo mwandishi alikusudia iwe ngoma kuu ya watu wake. Hapa hukumu lazima iwe ngumu. Kitabu kinataka kusema kila kitu, na kwa sababu hiyo hakimwachii msomaji chochote. Ambapo *Nikw'a Ngwete* ilinyamaza penye neno muhimu, *The Broken Drum* inaeleza, inafafanua, inarudia ufafanuzi na kuongeza methali. Ni ghala, na mtu huliheshimu ghala, hasa katika nchi ya njaa; lakini hakuna anayekaa ghalani jioni kuzungumza. Lililo bora kuliko hilo, ingawa ni dogo na halikuheshimiwa, ni *Without Kiinua Mgongo* (1989), ambamo Kiingereza na Kiswahili vinaingiliana ndani ya sentensi moja kama wanavyosema watu. Wasanifu wa lugha walikasirika. Walichopaswa kuuliza ni kwa nini neno *kiinua mgongo* halikutafsiriwa katika jina la kitabu cha Kiingereza. Jibu ni kwamba mfanyakazi anayelidai hakulijua kwa lugha nyingine, na mwajiri anayelinyima hujifanya halijui kwa lugha yoyote.

Nakala za Comb Books hazichapwi tena, na zinazosalia zimechakaa kwa kushikwa na mikono mingi. Matokeo yake ni ya aibu kwa idara za fasihi: kuna tasnifu zinazomtaja Maillu kwa kupitia wahakiki waliomlaani au waliomtetea, pasipo mwanafunzi kuwahi kukishika kitabu chenyewe. Mtu hawezi kuwa na maoni juu ya sahani aliyosimuliwa.

Sasa inafaa kuuacha mkutubi na kwenda chini ya mti. Katika masoko mengi ya Ukambani, kuanzia Emali na Wote hadi Mwingi na Mutomo, kuna kivuli kilichotengwa kwa drafti. Ubao una miraba 64, mara nyingi umechorwa kwa kalamu kwenye kipande cha mbao au cha katoni. Kila mchezaji ana vizibo 12 vya soda. Mmoja huvipanga vikitazama juu na mwenzake vikitazama chini, na kwa hivyo tofauti ya kambi mbili ni tofauti ya mgongo na tumbo la kitu kilekile. Kizibo kinachofika mstari wa mwisho hupandwa kingine juu yake na kuwa kingi. Kula ni lazima. Kanuni hii ndiyo roho ya mchezo, kwa kuwa mchezaji stadi hushinda kwa kumlazimisha mwenzake ale: humtolea kizibo kimoja, naye, hata akiona shimo mbele yake, hana ruhusa ya kukataa.

Lakini drafti si wachezaji wawili. Drafti ni wale sita au saba waliosimama. Hao husema, hucheka, hulaumu hatua kabla haijachezwa, hukumbusha kosa la juzi, na wakati mwingine mkono wa mtu hutokea nyuma ya bega na kukisogeza kizibo. Katika sataranji ya mashindano mtazamaji anayesema hufukuzwa. Hapa mtazamaji asiyesema hushukiwa. Mchezaji naye huwasikiliza wote na kujifanya hasikii yeyote, na ustadi wake ni kujua ni sauti gani kati ya hizo inayosema kweli na ni ipi iliyotumwa na mpinzani. Hiyo ndiyo nadharia ya upokezi iliyokamilika kuliko nyingi zilizochapishwa. Kazi ya sanaa, kwa watu hawa, ni kitu kinachochezwa mbele ya watu wenye haki ya kuingilia.

Bao la pwani, lenye mashimo 32 na kete 64, limepata heshima ya wanazuoni, nayo inalistahili, kwa kuwa hesabu za namua na mtaji humzidi drafti kwa mbali. Ila heshima hiyo imelifanya lionekane kuwa mchezo wa Kiafrika na drafti kuwa mchezo wa wavivu, kana kwamba asili ya ubao ni muhimu kuliko matumizi yake. Drafti ilitoka ng'ambo. Vizibo vilitoka kiwandani. Mazungumzo hayakutoka kokote. Vivyo hivyo karata. Vijana wa vyuo na wa mabweni hucheza kadi, ile ambayo mbili na tatu humchotesha mwenzako, nane na malkia huuliza swali, jeki huruka mtu na kingi hurudisha nyuma. Anayekaribia kumaliza hana budi kutangaza "Niko kadi", na kwa kanuni za maskani nyingi aliyesahau kutangaza hawezi kumaliza. Ni mchezo mwepesi, wa bahati kwa sehemu kubwa, na hauna kina cha drafti. Lakini kanuni hiyo ya kutangaza ni ya watu waliokulia penye wasimulizi, ambako mtu hafiki mwisho kimyakimya.

Kwa hakika John Mbiti aliyajua hayo. Alizaliwa Mulango, Kitui, mwaka 1931, na ulimwengu unamkumbuka kwa teolojia na kwa hoja yake kuhusu sasa na zamani katika fikra za Kiafrika. Kabla ya hayo alikuwa mkusanyaji wa ngewa. Alitoa *Mutunga na Ngewa Yake* kwa Kikamba mwaka 1954, na *Akamba Stories* kwa Kiingereza huko Oxford mwaka 1966. Gerhard Lindblom wa Sweden alikuwa amemtangulia, kwa majuzuu yake ya *Kamba Folklore* yaliyotoka kati ya 1928 na 1935, na kazi yake ni ya mwanasayansi mwangalifu anayezipanga hadithi kama anavyopanga mikuki. Mbiti alizisikia hadithi hizo katika lugha ya kwao, na tofauti huonekana: katika Mbiti mnyama anayesema ana haraka, ana njaa, ana jirani. Hata hivyo, ngewa iliyochapwa katika *Akamba Stories* imepoteza watu waliosimama. Kiitikio cha wimbo kimewekwa mahali pake, lakini hakuna aliyeitikia. Hilo haliwezi kuwa lawama juu ya Mbiti; ni lawama juu ya karatasi. Ila linasaidia kueleza kwa nini Maillu, aliyekuja miaka michache baadaye, aliichagua sauti ya mtu anayegombana.

Sinema ilipoingia Afrika Mashariki haikuja kimya. Kati ya 1935 na 1937 lile Jaribio la Sinema ya Elimu kwa Wabantu, lililokuwa na makao yake Vugiri katika Usambara, lilitembeza lori lenye projekta na kipaza sauti, likawaonyesha wenyeji filamu za ngozi, posta na kilimo bora, pamoja na maelezo ya lugha zao yaliyochezwa kwenye santuri au kusemwa papo hapo. Wakoloni waliamini kwamba Mwafrika hawezi kuielewa picha bila msemaji. Walikosea sababu na kupata tokeo: hadhira ilimpenda msemaji kuliko picha. Miaka sabini baadaye DJ Afro alichukua filamu za ng'ambo akazisemea upya kwa Kiswahili cha mitaani, akiwapa mashujaa majina na visa ambavyo watunzi wao hawakuviota, na mabanda ya vidio ya masokoni yakajaa. Kuna wasomi wanaoliona jambo hilo kuwa uharibifu wa kazi ya mtu. Kwa kigezo cha drafti, ni mkono uliotokea nyuma ya bega ukasogeza kizibo, na mara nyingi ukakisogeza vizuri. *Nairobi Half Life* ya David "Tosh" Gitonga (2012) ililitambua hilo ilipomfanya shujaa wake, kijana wa mashambani, awe muuza filamu anayeziigiza mbele ya wateja: anayeuza ndiye msimulizi, na diski ni kisingizio.

Juu ya *The Ghost and the Darkness* (1996) hapana haja ya kukawia. Simba wa Tsavo waliua watu wa reli mwaka 1898, na reli hiyo hupita Mtito Andei, Kibwezi na Makindu. Filamu ilipigwa Afrika ya Kusini, na mbuga yake ni nzuri na si ya huku. Mtu wa Kibwezi huitazama kama anavyomtazama mgeni aliyevaa koti la marehemu.

*Country Queen* (2022) ni suala jingine. Tamthilia hii iliyoingia Netflix inamrudisha Akisa kutoka Nairobi hadi kijiji cha kubuni cha Tsilanga, ambako kampuni ya dhahabu inataka ardhi. Kwa watu wa Kitui, ambako makaa ya mawe ya Bonde la Mui yamezungumzwa kwa miaka mingi kuliko yalivyochimbwa, kisa hicho hakihitaji maelezo. Jema kubwa la kazi hiyo ni masikio yake: Kikamba, Kiswahili, Sheng na Kiingereza hutumika kila kimoja mahali mtu halisi angekitumia, na binti hubadilisha lugha mlangoni kama anavyobadilisha viatu. Ubaya wake ni kwamba kijiji kimepangwa ili kiwe mfano wa vijiji. Kila mtu wa Tsilanga ana msimamo juu ya mgodi. Hakuna aliye na jambo jingine la kufanya siku hiyo. Chini ya mti wa soko, hata siku ya mkutano wa ardhi, watu wawili wangekuwa wanacheza drafti.

Filamu ambayo jamii hii inaweza kuiita yake, na ambayo idara za fasihi zimechelewa kuiona kwa kuwa iliwekwa kwenye kabati la mazingira, ni *Thank You for the Rain* (2017). Imeongozwa na Julia Dahr wa Norway pamoja na Kisilu Musya, mkulima wa Mutomo, Kitui. Kisilu alikabidhiwa kamera, akajipiga picha yeye, mkewe Christina, watoto wao na shamba lao kwa muda wa miaka mitano hivi: ukame, mafuriko, tufani, miche ya miti aliyowashawishi majirani waipande. Safari hiyo inamfikisha Paris, kwenye mkutano wa tabianchi wa Desemba 2015.

Filamu hii ina mikono miwili, na mikono hiyo haiko sawa. Picha za Dahr ni safi, zimetulia, zinajua jua liko wapi. Picha za Kisilu zinatikisika, wakati mwingine zinaona ardhi tu, na kila mara zina mtu anayesema. Hizo za pili ndizo fasihi. Tufani inapoing'oa paa la nyumba, mwenye nyumba ndiye mwenye kamera. Hana fursa ya kulia kwa namna itakayopendeza, anasema kilichotokea na kuonyesha kilichobaki. Ni mtindo wa *Nikw'a Ngwete*: kushika na kutaja. Mabati yamekwenda, na sauti inahesabu. Msanii wa mbali angeongeza zumari hapo.

Wahakiki wa Ulaya waliipenda filamu kwa sababu iliipa tabianchi uso. Sifa hiyo si ndogo, lakini ina hatari iliyo ndani yake, kwa kuwa uso ukishatumika huweza kusahauliwa. Sehemu ya Paris huonyesha hatari hiyo pasipo kuikusudia. Kisilu, aliyekuwa msimulizi, anageuka kuwa msimuliwaji. Amewekwa mbele ya ukumbi, ana beji shingoni, na watu wanaomsikiliza wana adabu nyingi. Adabu hiyo ndiyo inayoudhi. Hakuna anayemkatiza. Hakuna anayesema, "La, hapo umekosea, mvua ya mwaka ule ilikuja mapema." Kwa mtu aliyetoka mahali ambapo asiyesema hushukiwa, makofi ya ukumbi mzima ni namna ya kunyimwa jibu. Filamu yenyewe hudhoofika hapo, kwa sababu kamera imekwisha kurudi mikononi mwa mgeni.

Aliyebaki Mutomo ni Christina. Katika uhakiki mwingi ametajwa kama mke mvumilivu, neno ambalo limewazika wanawake wengi wa fasihi yetu, tangu wale wa Maillu hadi wa leo. Ukweli ni kwamba yeye ndiye mtazamaji wa drafti katika filamu hii. Mume anapozungumza na kamera juu ya kazi ya kuwaelimisha wakulima, yeye ndiye anayebeba mzigo wa nyumba na watoto wakati elimu hiyo inatolewa kwingine, na kila anapotokea kwenye picha hotuba ya mumewe hupimwa upya bila ya mtu kulisema hilo. Ni bahati, au ni ustadi wa wahariri, kwamba hakukatwa. Tasnifu itakayoandikwa juu ya filamu hii ingefanya vyema kuanza na yeye, na kuhesabu ni mara ngapi kamera imewekwa mikononi mwake.

Na ingefanya vyema pia kuuliza swali la lugha. Watu wa filamu hii husema Kikamba, na mtazamaji wa nje husoma Kiingereza kilichoandikwa chini ya picha. Maandishi hayo ni mafupi, sahihi na hayana ladha. Mzaha wa jirani unakuwa habari, na sala inakuwa taarifa ya hali ya hewa. Msomaji wa Kiswahili hapewi chochote. Kutoka Mutomo hadi Mombasa, wanakosoma watu wanaoweza kukielewa kisa hiki kwa lugha ya jirani, si safari ndefu, na mabasi huenda kila siku. Tafsiri ya Kiswahili ya maneno ya Kisilu na Christina, iliyofanywa na mtu anayejua tofauti ya vuli na masika na aliyewahi kula muthokoi kwa wiki tatu mfululizo, ingekuwa kazi ya muhula mmoja kwa mwanafunzi wa uzamili mwenye masikio.